Gharama ya Nyama ya Mwitu Inunuliwayo Madukani

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya wanachama na wazee, Kinondo, katika mkutano mkuu wa mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme juu ya jambo ambalo halimo katika hesabu za Bwana Mhazini mlizozisikia punde hivi, lakini limekwisha kuzigusa hesabu hizo, na mwaka ujao litazigusa zaidi tusipokata shauri leo. Nalo ni ile nyama ya mwitu inayouzwa kwa mlango wa nyuma, bila muhuri wala mizani ya haki, na watu hununua kwa kuwa ni rahisi.

Kisa kilicholeta maneno haya wengi mwakijua. Katika mwaka huu tunaoufunga, jamaa za mwanachama mmoja walifika ofisini kuomba Mfuko wa Msaada uwasaidie kulipa deni la faini. Kijana wao alikamatwa njiani akiwa na kilo nne za nyama ya paa ndani ya kikapu. Hakuwinda yeye, wala hana mbwa wala mtego. Aliinunua kwa mwenye duka la nyama, akaambiwa ni nafuu, naye akaifurahia nafuu yake mpaka alipofika penye askari. Jina lake sitalitaja, wala la mwenye duka, maana hatukukutana hapa kuhukumu watu. Halmashauri ilikaa mara mbili juu ya ombi hilo na mara zote mbili haikupatana. Kwa hiyo limeletwa kwenu, nami nimetakiwa niwapeni hesabu yake kabla hamjapiga kura.

Tuanze na fedha, kwa kuwa fedha ndiyo sababu watu wanayoitaja kwanza.

Tuchukue kwa mfano kwamba kilo ya nyama ya ng'ombe ni shilingi 600, na kilo ya nyama ya gizani ni shilingi 350. Mnunuzi ataona amebakiwa na shilingi 250 katika kila kilo. Kilo nne za kijana wetu zilimwachia basi shilingi 1,000 mfukoni. Sasa tazameni upande wa pili wa daftari. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ilipotungwa, ilimwekea mtu anayekutwa na nyama ya mnyama wa mwitu, au anayeifanyia biashara, faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Gawanyeni 200,000 kwa 250 mtapata kilo 800. Nyumba inayokula kilo mbili kwa juma itakuwa imekula nyama hiyo kwa majuma 400, yaani miaka saba na miezi minane, kabla nafuu yote iliyokusanywa haijatosha kulipa faini moja ya chini kabisa. Na huyo ni mtu aliyebahatika kutokamatwa kwa miaka yote hiyo.

Naomba neno moja katika sheria hiyo lisitupite. Haikusema mwindaji peke yake, wala mwuzaji peke yake. Imesema mtu aliye na nyama. Wako wanaodhani kwamba anayeshika kisu ndiye mwenye kosa, na anayeshika kikapu ni mteja tu kama mteja wa sukari. Sivyo. Tena aghalabu ni mwenye kikapu anayekamatwa, kwa sababu yeye ndiye anayetembea barabarani mchana, akiwa hana habari ya njia za kujificha. Mwenye duka amekwisha kupokea fedha zake na kuosha meza. Katika kisa chetu hakuulizwa hata swali moja, naye angali anauza.

Jamaa za kijana huyo, ili asifungwe, waliuza ng'ombe wawili wakaweka minazi yao rehani. Fikirini jambo hilo, wazee wangu. Nyumba iliyotafuta nyama rahisi imeuza ng'ombe wawili. Baada ya hayo yote wamebaki na deni, na deni hilo, lau Mfuko wetu ungelilipa lote, lingekula zaidi ya nusu ya akiba iliyomo. Mfuko ule ndio unaonunua sanda, ndio unaolipa gari la kumpeleka mja mzito Msambweni usiku.

Hiyo ni fedha. Lakini gharama nyingine haziandikwi kwa shilingi.

Mtu anaponunua nyama gizani hanunui paa; ananunua neno la mwuzaji kwamba ni paa. Mnyama akishachunwa na kukatwa vipande, nani atamjua? Mwaka 2004 wachunguzi walinunua nyama katika mabucha ya Nairobi wakaipeleka kupimwa. Ilionekana kwamba karibu robo ya nyama iliyopimwa ilikuwa ya mwitu, na sehemu nyingine ilikuwa imechanganywa ya mwitu na ya kufugwa, ingawa wanunuzi walidhani wananunua ng'ombe au mbuzi. Hayo yalikuwa katika maduka ya wazi, mjini, chini ya taa. Nyama inayoletwa kwa pikipiki usiku ndani ya gunia yaweza kuwa nini? Yaweza kuwa kulungu, yaweza kuwa nyani, yaweza kuwa nguruwe wa mwitu, ambaye yumo katika vichaka vyetu hivi hivi. Sina haja ya kuwaeleza wazee wa Kidigo maana ya nyama ya nguruwe kuingia katika chungu cha Mwislamu bila yeye kujua.

Na hata akiwa ni paa kweli, bado lipo swali la kuchinjwa. Mimi si mwanachuoni, na masomo yangu niliyapata katika shule ya misheni, kwa hiyo niliwauliza wenye elimu kabla ya kuandika. Wakanieleza kwamba wanyama wengi wa porini wenyewe ni halali, na uwindaji una taratibu zake katika dini; ila mnyama aliyekufa kitanzini, akiwa hakuwahiwa na kisu wala kutajiwa jina la Mungu, ni mzoga. Sasa mtego wa waya unategwa leo na kutazamwa kesho au kesho kutwa. Waya haungoji mtu aje na kisu. Ni wangapi wanaokutwa hai? Mwuzaji atakuapia kwamba alimchinja mwenyewe. Lakini mtu anayevunja sheria ya nchi kwa shilingi 350 sioni kwa nini aone uzito wa kusema uongo kwa bei ile ile.

Kisha kuna afya. Ng'ombe anayechinjwa machinjioni hutazamwa na mkaguzi, akapigwa muhuri wa wino, na watu huudhihaki wino ule kana kwamba ni uchafu. Wino ule ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyelikata ini na kulitazama, akaona hakuna kimeta wala uvimbe. Mwaka 2015 nyati zaidi ya mia moja walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Ziwa Nakuru, na kimeta hakibagui: mtu akimchuna mnyama aliyekufa nacho, au akala nyama yake, humpata. Mnyama wa kitanzini hakaguliwi na yeyote.

Wala si nyama ya bara tu. Sisi ni watu wa pwani, na nyama ya mwitu ya baharini twaijua pia. Mwezi wa Machi, 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto wanane na mama mmoja walikufa, na wengine zaidi ya sabini wakapelekwa hospitali. Na mwaka 2021, huko huko Pemba, watu saba walikuwa wamekufa kwa sababu hiyo hiyo. Sumu ya kasa haionekani, hainuki, na kuchemsha hakuiondoi; kasa mmoja huliwa bila dhara na mwingine akaua nyumba nzima, na hakuna mvuvi awezaye kuwatofautisha kwa macho. Katika pwani yetu wako jamaa wengi wenye asili ya Pemba, nao walilia msiba ule kama wao. Hata hivyo nasikia bado kuna wanaouliziana kasa kwa kunong'ona, kama mtu anayeuliza dawa.

Sasa nije kwa maneno ya wanaopinga, maana si maneno ya kipumbavu, nami niliyasikiliza kwa makini katika halmashauri.

Mzee mmoja alisema: babu zetu waliwinda hapa kwa nyavu na mbwa, wakala, na wanyama hawakwisha. Kweli. Lakini nilimwomba anieleze nyama ile iligawanywaje, naye akaeleza vizuri sana kuliko nitakavyoweza mimi: nani alipata paja, nani alipata kichwa, na jinsi mjane asivyosahauliwa. Katika maelezo yake yote hapakuwa na bei. Nyama iliyoliwa na kijiji kimoja ilikuwa na kikomo, ambacho ni tumbo la kijiji. Nyama inayouzwa haina kikomo ila fedha za mnunuzi, na wanunuzi siku hizi wako mpaka Ukunda na Mombasa. Tena babu hakuwa na tochi ya kumpumbaza paa, wala pikipiki, wala waya unaotegwa hamsini kwa usiku mmoja.

Mwingine alisema: wanyama hawa wanatula sisi. Nyani na ngedere wamemaliza mahindi, ndovu wa Shimba wameangusha minazi, na fidia mtu huingoja mpaka akasahau alichoandika katika fomu. Hapo sina la kubisha. Sheria ile ile ya 2013 iliyoweka faini ndiyo iliyoweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, lakini faini hudaiwa papo hapo na fidia huchelewa. Hilo ni lalamiko la haki, na naona chama chetu kingefanya vyema kuliandikia barua inayostahili, chenye tarehe na majina ya walioharibiwa mashamba. Ila paa mdogo wa kichakani hakuangusha mnazi wa mtu. Tunamlipiza asiye na kosa kwa sababu ndiye mwepesi kunaswa.

Wa tatu, kijana, alisema neno lililowapendeza wengi: mbona Watanzania wanauza? Tukivuka Lunga Lunga na kuingia Horohoro, alisema, nyama ya porini ni halali. Hili yafaa lielezwe vizuri, kwa kuwa nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mzima. Ni kweli kwamba Tanzania mwaka 2020 ilitunga kanuni za kuuza nyamapori, na yako mabucha yenye leseni chini ya mamlaka yao ya wanyamapori, TAWA. Lakini leseni ndiyo neno lenyewe. Nyama ile hutoka kwa wawindaji wenye vibali au katika mashamba yaliyosajiliwa, na mwenye bucha lazima awe amesajiliwa naye. Yote hayo hulipiwa, na mwenye kulipa mwishoni ni mnunuzi. Na la pili, anayeinunua kule akaivusha mpaka kuileta Kinondo, akikamatwa huku atahukumiwa kwa sheria ya huku. Risiti ya Tanga si ngao mbele ya hakimu wa Kwale.

Nchi yetu nayo ilikwisha kuijaribu njia hiyo, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1960, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango katika nchi ya Galana, mashariki ya Tsavo, ili Waliangulu, hodari wa upinde kuliko watu wote wa pwani, waajiriwe kuwinda ndovu kwa kibali, na nyama na pembe ziuzwe kwa halali. Watu wenye ujuzi walikuwapo na ndovu walikuwapo tele. Walakini nyama ya porini iko mbali na wanunuzi, huharibika upesi kwa joto, hukaushwa kwa gharama na kusafirishwa kwa gharama, na mpango ule haukujilipa wala haukudumu. Kabla ya 1977 mtu aliweza kukata leseni ya kuwinda. Mwaka huo uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Baadaye, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wenye mashamba makubwa waliruhusiwa kwa majaribio kupunguza wanyama na kuuza nyama. Hapo ndipo hoteli mashuhuri ya Nairobi iitwayo Carnivore ilipokuwa ikiwapa wageni nyama za punda milia na kongoni. Majaribio yale yakafungwa mwaka 2003, na mojawapo ya sababu ni kwamba ilikuwa vigumu kujua ipi ni nyama ya kibali na ipi ni ya wizi, maana zote hufanana zikishaning'inizwa. Iliyobaki kuuzwa kwa halali ni ya mbuni na mamba wa kufugwa, na sidhani kuna nyumba hapa Kinondo inayolilia mamba.

Nimeyasema hayo ili tusijidanganye kwamba urahisi wa nyama ya mlango wa nyuma ni urahisi wa nyama yenyewe. Ni rahisi kwa sababu gharama zake zimeachwa nje: hakuna aliyelipia mkaguzi, wala kibali, wala barafu, na mnyama mwenyewe hakulishwa na mtu. Gharama hizo hazikufutika. Zimeahirishwa, na humwangukia mmoja ghafula, kama zilivyoiangukia nyumba ile.

Sharti niseme kidogo pia juu ya Kaya. Msitu wetu wa Kaya Kinondo hauzidi sana hekta 30. Wazee waliulinda bila askari na bila bunduki, kwa miko peke yake. Serikali iliuandika kuwa urithi wa taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 ukaingia pamoja na Kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mgeni huvalishwa kaniki kabla ya kuingia, akaambiwa asichukue hata kijiti. Kiingilio anacholipa kimeajiri vijana wetu kuwa waongozaji. Na kule Shimba, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, ndipo mahali pekee katika Kenya penye palahala wa porini. Mnyama akila waya hakuna tena wa kumwonyesha mgeni, na mwongozaji hurudi nyumbani bila mshahara. Naona ajabu kwamba kijana mmoja aweza kulipwa asubuhi kwa kuonyesha mbega, na jioni akanunua nyama ya jirani wa mbega yule kwa fedha zile zile.

Basi, nini la kufanya? Kusema tu "msinunue" ni rahisi kwa mwenye mshahara. Mama mwenye watoto sita na shilingi 400 mkononi hasikii hotuba, husikia watoto. Kwa hiyo halmashauri inaleta mashauri mawili.

La kwanza ni juu ya Mfuko. Tunapendekeza kwamba Mfuko wa Msaada usilipe kamwe faini ya mtu aliyenunua au kuuza nyama ya mwitu. Tukilipa moja tutaombwa ya pili, na wenye maduka wakisikia kwamba chama kinalipa, watauza kwa moyo mkunjufu. Lakini watoto hawakununua nyama. Pale ambapo mlezi wa nyumba amefungwa, Mfuko uweze kuwatazama watoto kwa chakula na mahitaji ya shule. Na kwa nyumba hii ya mwaka huu, tunapendekeza wapewe mkopo, si sadaka, wa kukomboa minazi iliyowekwa rehani, ulipwe kwa nazi za misimu minne. Mjumbe mmoja alipinga akisema kwamba kukomboa minazi na kulipa faini ni fedha ile ile iliyovaa kanzu nyingine. Ana haki ya kusema hivyo, na atasema hapa mwenyewe. Mimi naona tofauti: minazi ikibaki kwa mwenye rehani, nyumba ile itarudi kwetu kila mwaka kuomba, ikirudi kwao, watajilisha.

La pili ni ng'ombe wa fungu. Wanachama wenye nia watoe kidogo kidogo kila juma, kisha tununue ng'ombe mmoja kwa pamoja, apelekwe machinjioni, achinjwe na mwenye kuaminiwa na wazee, akaguliwe, apigwe muhuri, na nyama igawanywe kwa mizani mbele ya wote. Tutakuwa tumeokoa faida ya mwenye duka, na utumbo na miguu vitauzwa kwa faida ya Mfuko. Sitawadanganya kwamba bei itafika ile ya gizani. Haitafika. Lakini itakuwa chini ya bei ya dukani, na atakayebeba kikapu chake atapita mbele ya askari akimwamkia. Siku zisizo za fungu kuna kunde na pojo, na kuna samaki. Watu wa Kinondo hawakuwahi kufa kwa kukosa paa.

Kura ya shauri la kwanza itapigwa kwa mikono baada ya wazee kusema. Kwa shauri la pili, kitabu cha majina kiko mezani kwa Bwana Katibu. Wanaotaka fungu waandike majina yao na siku watakayoweza kutoa fedha. Ng'ombe hatanunuliwa mpaka majina yametimia ishirini, na mpaka sasa, kabla sijasimama, yalikuwa saba.